Tusikubali Makopo ya Bure



Kama mlivyosikia, kampuni moja ya vinywaji imejitolea kudhamini mashindano yetu ya gemu ya mwisho wa muhula. Watatupa makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu, fulana za washindi na fedha kidogo za ukumbi. Sisi tunachotakiwa ni kutundika mabango yao na kila mchezaji apigwe picha ameshika kopo. Jambo hili linakuja kwenye mkutano mkuu tulipigie kura. Mimi nasema tukatae, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tujue kilichomo. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina kafeini miligramu 80, karibu sawa na kikombe cha kahawa. Lile kopo refu la Monster la mililita 500 lina miligramu 160. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku. Haya, piga hesabu: makopo marefu matatu kwenye usiku mmoja wa mashindano ni 480, bado hujagusa chai. Sukari nayo? Makopo mawili madogo ya Red Bull ya kawaida yana gramu 55, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke kama gramu 50 kwa siku nzima.

Pili, hiyo "nguvu" yenyewe ni mkopo. Mchana kutwa kuna kemikali inayojikusanya kwenye ubongo, adenosini, ambayo ndiyo inayokwambia umechoka, kalale. Kafeini inakwenda kukalia kiti chake. Uchovu haukuondoka, umezibwa mdomo tu. Na kafeini haina haraka ya kuondoka: kwa mtu wa kawaida nusu yake hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Ukinywa kopo refu saa 4 usiku, saa 9 usiku bado una miligramu 80 zinazunguka, yaani kama ndiyo kwanza umefungua kopo dogo. Halafu Jumatatu una mtihani.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ni namna tunavyowindwa. Waswahili tunasema ukiona vyaelea, vimeundwa. Red Bull asili yake ni kinywaji cha Thailand, Krating Daeng, kilichopendwa na madereva wa malori na vibarua. Kikaingia Austria mwaka 1987 na kugeuzwa kuwa kinywaji cha vijana. Kwa hao madereva ungeelewa, kama unavyomwelewa dereva wa bodaboda nyumbani anayenunua chupa ya Azam Energy ili afike jioni. Lakini mtu aliyekaa kwenye kochi na rimoti ya PlayStation, anahitaji nguvu ya kubeba nini?

Ikabidi hitaji hilo liundwe. Mwaka 2007 Mountain Dew walitoa kinywaji cha Game Fuel pamoja na gemu la Halo 3. Mwaka 2011 ukinunua Mountain Dew ulipata namba ya siri ya kukuongezea pointi maradufu kwenye Call of Duty: Modern Warfare 3. Mwaka 2015 Red Bull nao wakafanya ya kwao na gemu la Destiny. Mnaona ujanja? Kadiri unavyonunua, ndivyo unavyopanda ngazi. Siku hizi hata namba hazihitajiki sana, maana mchezaji maarufu anacheza mubashara mtandaoni huku kopo liko mezani kwake, na mdogo wako wa miaka 12 kule Temeke au Kisauni anatazama.

Najua majibu yenu. Wa kwanza atasema, "We vipi, mbona kahawa tunakunywa?" Kweli, na wazee wetu pale Jaws Corner, Zanzibar, wanacheza dhumna huku wanakunywa kahawa chungu. Lakini kikombe chao ni kidogo, kinanywewa taratibu na mazungumzo, na muuza kahawa hampi mtu pointi za ushindi kwa kuongeza kikombe cha tano.

Wa pili atasema sisi ni watu wazima. Sawa, kila mtu anywe apendacho kwa pesa yake, simzuii mtu. Ila picha zetu hazitazamwi na watu wazima peke yao. Hapa Uingereza makopo haya yanaandikwa kabisa kuwa hayafai kwa watoto, maduka makubwa yaliacha kwa hiari kuwauzia walio chini ya miaka 16 mwaka 2018, na mwaka 2025 serikali ikatangaza mpango wa kulifanya hilo kuwa sheria kwa England. Wenzetu wa Ghuba waliyawekea ushuru wa asilimia 100: Saudia na Emirati mwaka 2017, Oman mwaka 2019. Wakati wenyeji wetu wanajaribu kufunga mlango huu, sisi ndio tusimame na mabango?

Wa tatu atauliza fedha za ukumbi zitatoka wapi. Swali la haki. Napendekeza kila mchezaji atoe pauni 2, tuuze sambusa, maandazi na chai ya tangawizi kama tunavyofanya siku ya utamaduni. Na muhimu kuliko yote, tuache huu mtindo wa kukesha. Tukianza saa 8 mchana, fainali inakwisha kabla ya saa 3 usiku na watu wanawahi basi la mwisho. Tukiulizana kwa nini tunahitaji makopo, jibu ni kwamba tumepanga mashindano yetu wakati wa kulala.

Kampuni haitoi sadaka. Inanunua sura zetu, na bei iliyotaja ni ndogo mno. Kwenye kura, mimi mkono wangu utakuwa upande wa hapana. Karibuni tubishane.