Mlango Hauna Miguu

Jamani, mlango hauna miguu. Ukisikia mlango wa nakshi wa Pwani yetu umefika Ulaya, uko sebuleni kwa tajiri, jua kuna aliyeubeba na kuna aliyepokea pesa.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango wa mbao, hata fremu yake, uliochongwa Tanganyika kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Huruhusiwi kuutoa nchini bila kibali. Kwa hilo nasema ahsante.

Lakini soma mbele, ndugu msomaji. Nyumba, ili ilindwe kwa umri wake tu, lazima iwe imejengwa kabla ya 1863! Nyingine zinasubiri waziri azitangaze. Kwa hiyo nyumba ya Bagamoyo ya mwaka 1900, kama haijatangazwa, inabomolewa na mlango wake unabaki kulindwa. Ni sawa na kumzika babu, halafu uweke kofia yake kabatini useme babu bado yupo.

Eti wewe kijana wa Tarime, milango ya Pwani inakuhusu nini? Inanihusu sana. Hata ngome ya Wajerumani kule Ikoma, Serengeti, kwa umri tu haimo. Na hapa kwetu palikuwa na duka la zamani lenye mlango wa nakshi. Lilipobomolewa, mbao zikaenda kujenga banda la kuku. Nilikuwa naandika riwaya, nikauliza nani alichonga, nani aliishi pale. Kila mtu akanitajia jina lake. Sura ile mpaka leo iko nusu.

Wakusanyaji hujitetea: nisingenunua, ungekuwa kuni. Kweli, afadhali sebuleni kuliko jikoni. Lakini aliyeuokoa mlango bila kuandika umetoka nyumba ipi, mtaa upi, kwa nani, ameokoa ubao tu.

Basi mwaka huo wa 1863 usogezwe mbele. Halmashauri nazo zisitoe kibali cha kubomoa nyumba kongwe kabla haijapigwa picha na kuandikiwa habari zake.

Na sisi waandishi vijana tusijifanye hatumo. Tunalilia wachapishaji, lakini daftari na kalamu tunavyo. Mzee anayeijua nyumba ile yupo kibarazani leo. Kesho je?