Beki Mwenye Hijabu



Tarehe 30 Julai 2023, mjini Adelaide, Australia, Nouhaila Benzina wa Moroko alikuwa mwanamke wa kwanza kucheza Kombe la Dunia la wakubwa akiwa amevaa hijabu. Picha zake zilienea duniani, nasi tulizifurahia. Lakini katika furaha ile, wengi wetu tulisahau kuuliza anacheza nafasi gani.

Benzina ni beki. Kazi ya beki haina sifa nyingi: mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja hubebwa mabegani; beki akiokoa mara tano na kuteleza mara moja hulaumiwa. Alizaliwa Kenitra mwaka 1998, akachezea AS FAR, klabu ya jeshi iliyoko Rabat, ambayo mwaka 2022 ilitwaa ubingwa wa vilabu vya wanawake Afrika. Katika Kombe la Dunia, Moroko ilianza kwa kufungwa na Ujerumani mabao 6-0, mechi ambayo yeye hakucheza. Mechi iliyofuata akapangwa tangu mwanzo, na Korea Kusini ikalala 1-0. Moroko ikaishinda Kolombia pia, ikaingia raundi ya mtoano, Ujerumani ikarudi nyumbani.

Tuzingatie jinsi fursa hiyo ilivyokaribia kumpita. Mwaka 2007, binti wa miaka 11 alitolewa uwanjani huko Quebec, Canada, kwa sababu ya hijabu, na wasimamizi wa sheria za kandanda wakaunga mkono uamuzi ule. Baadaye ilielezwa kuwa kitambaa kingeweza kumkaba mchezaji shingoni. Mwaka 2011, timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki mjini Amman. Ruhusa kamili ilipatikana mwaka 2014, Benzina akiwa hajatimiza miaka 16. Aliyekuwa na miaka 20 marufuku ilipoanza alikuwa na 27 ilipoondolewa. Miaka hiyo hakuna wa kumrudishia.

Mlango ulifunguliwaje? Mwanamfalme Ali bin Hussein wa Jordan na wenzake waliichukua ile hofu ya shingo, wakaitafutia jawabu: vazi la kichwa lililoshonwa kwa namna isiyomdhuru mchezaji. Hofu ilipojibiwa, kizuizi kilikosa hoja.

Je, sisi wazazi wa Pwani? Mara nyingi binti akishavunja ungo, mpira humalizika siku hiyo hiyo, bila mazungumzo. Hofu zetu si za kudharauliwa. Nani anawafunza? Watarudi saa ngapi? Watavaa nini? Nani atawasindikiza? Lakini haya ni maswali, na maswali hujibiwa: mwalimu mwanamke, mazoezi yanayokwisha kabla ya Magharibi, suruali ndefu na mikono mirefu, mama wawili watatu wakipokezana zamu ya kukaa pembeni mwa uwanja.

Tuliwalaumu wakubwa wa kandanda kwa kuwataka mabinti wachague kati ya stara na kipaji. Tusiwape chaguo hilo hilo majumbani mwetu. Binti akija kuomba ruhusa, kabla ya kusema hapana, tukae naye, tuziorodheshe hofu zetu moja moja, na tumpe nafasi ya kuzijibu.