Kuhusu Safu za Michezo na Tetesi Zisizo na Mwenyewe

Juma hili twapenda kuwatetea watu ambao kwa kawaida hukosa mtetezi, nao ni wale wasomao safu za michezo katika tovuti siku za kazi. Wakubwa wa ofisi huwanung'unikia, walio nyumbani huwacheka, na hata baadhi ya wazee wetu hudai kwamba mtu mzima aliyesomeshwa hana sababu ya kutafuta habari za mpira Jumatatu asubuhi. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mtu anayepima kwa nini kiungo alishindwa kulinda eneo lake, au kwa nini kocha alibadili mfumo katika dakika ya 60, anafanya kazi ya akili, na robo saa ya chai aliyopewa kwa haki ni mali yake. Mwenzake aitumiaye robo saa hiyohiyo kumsengenya jirani wa meza ya pili hakemewi na mtu.

Tena wenye kudharau safu za michezo hawajui wanachokidharau. Kule Marekani tuzo ya Pulitzer ya uandishi wa maoni ilimwendea Red Smith wa New York Times mwaka 1976, na Jim Murray wa Los Angeles Times mwaka 1990, wote wawili waandishi wa michezo. Uingereza imetupa Jonathan Wilson, ambaye makala zake za mbinu za uwanjani katika The Guardian zimewafundisha wengi kuutazama mchezo bila kuufuata mpira tu kwa macho. Naye Peter King, aliyeandika juu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, alianza safu yake ya kila Jumatatu katika Sports Illustrated mwaka 1997, akaiendeleza baadaye katika NBC hadi alipostaafu mwaka 2024. Ilikuwa ndefu kupita kiasi, wengine husema. Lakini msomaji wake aliijua siku yake, akaingoja, akaisoma, akaimaliza, akarudi kazini.

Neno hilo, akaimaliza, ndilo tunalotaka lishikwe, kwa maana ugomvi wetu ni na safu isiyomalizika. Twasema juu ya tetesi za usajili. Kila msomaji azijua kwa lugha yake: mchezaji fulani "anahusishwa", klabu fulani "inadaiwa kutuma ofa", na yote yamesemwa na "chanzo kilicho karibu na klabu", ambacho hakina jina wala sura, na hakijawahi kuombwa radhi yake. Saa tatu asubuhi mchezaji anakwenda, saa sita anabaki, saa tisa ameonekana uwanja wa ndege. Kijana wetu wa ofisini hawezi kusoma mara moja akatosheka, kwa kuwa hakupewa kitu cha kutosheka nacho, basi huifungua tena na tena hata jioni. Hapo mkubwa wake wa kazi ana haki ya kulalamika, ila amlaumu pia mpishi wa chakula hicho kisichoshibisha.

Tuchukue mfano ambao kila mpenzi wa soka aukumbuka. Kylian Mbappé aliandikwa kwa miaka kwamba yu njiani kwenda Real Madrid. Mwezi Mei 2022 akasaini mkataba mpya na Paris Saint-Germain, na hakwenda Madrid hata mwaka 2024. Watetezi wa tetesi hutuambia kwa furaha kwamba mwishowe zilitimia. La hasha! Mtu asemaye kila siku kwamba leo mvua itanyesha atapatia siku moja, wala hatumwiti mtabiri wa hali ya hewa.

Mfano wa pili unachekesha zaidi. Mwezi Januari 2009 gazeti la The Times la London lilichapisha orodha ya vijana 50 wanaochipukia katika soka, na wa 30 alikuwa Masal Bugduv, mvulana wa miaka 16 kutoka Moldova, ambaye ilidaiwa kuwa klabu kubwa zinamtaka. Mvulana huyo hakuwapo duniani. Mzaha ulikuwa umepandwa katika intaneti, tovuti moja ikanakili kwa nyingine, na jina lenyewe linasikika kama maneno ya Kiayalandi yenye maana ya "punda wangu mdogo mweusi", ambayo ni anwani ya hadithi ya Pádraic Ó Conaire kuhusu mtu anunuaye punda. Mhariri mmoja angalipiga simu moja tu Moldova, punda asingaliuzwa.

Wala hatusemi kwamba ukweli haupatikani. Tangu Oktoba 2010 FIFA imelazimisha uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kulipwa wa kiume upite katika mfumo wake wa kompyuta, ambamo klabu zote mbili huingiza maelezo ya makubaliano, nayo lazima yalingane. Mwandishi aeleweshaye jambo hilo kwa Kiswahili safi angetusaidia kuliko tetesi mia.

Vivyo hivyo nyumbani. Machi 8, 2025 Simba na Yanga hazikucheza, baada ya Simba kusema kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni iliyotangulia. Mchezo ukaahirishwa, ukachezwa Juni 25, na Yanga ikashinda 2-0. Katikati ya tarehe hizo watu walihitaji safu moja tulivu ya kuwafafanulia kanuni: mgeni ana haki gani ya kutumia uwanja, nani ana mamlaka ya kuahirisha, na asiyefika hupata adhabu gani. Wako walioiandika, nao twawashukuru. Lakini simu za waumini wetu zilijaa zaidi "inasemekana", na ndugu wa jumuiya moja wakanuniana kwa maneno ambayo hakuna aliyemjua msemaji wake.

Kuna jambo zito kuliko kununiana. Tetesi hukaa jirani na mkeka. Msomaji aliyeambiwa asubuhi kwamba mshambuliaji ameumia huiona pembeni tangazo la kubashiri, na chini yake "mtaalamu" wa kumchagulia mechi za mwisho wa juma. Mshahara wa mtu hutoka mfukoni kwa habari isiyo na mwenyewe. Mwandishi anayelipwa na mchezesha kamari asijiite mchambuzi mbele yetu.

Kwa haki, safu ya tetesi ya BBC hutaja gazeti lililoanzisha kila neno, na hilo si haba. Wengine hata hilo hawalifanyi.

Basi twawataka wahariri wa michezo wa lugha yetu kitu kimoja kisicho na gharama. Kila dirisha la usajili likifungwa, wachapishe orodha ya tetesi zote walizotupa, na mbele ya kila moja waandike ilitimia au haikutimia, pamoja na jina la aliyeiandika. Orodha hiyo tutaisoma hata saa nne asubuhi siku ya kazi.