UCHAMBUZI: Siku ya mapumziko pekee haimpi kila mfanyakazi nafasi ya kupiga kura

Wakenya wamezoea kwamba siku ya uchaguzi mkuu huwa ya mapumziko. Ndivyo ilivyokuwa Machi 4, 2013, Agosti 8, 2017 na Agosti 9, 2022. Kwa sababu hiyo, wengi hudhani kuwa suala la mwajiriwa kupata nafasi ya kupiga kura lilikwisha zamani. La hasha!

Siku ya mapumziko hufunga shule na ofisi za serikali. Haifungi hospitali wala vituo vya mafuta, na haimwondoi bawabu langoni. Vituo vya kura hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Bawabu ambaye zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni hukosa kura hata kama kituo kiko ng'ambo ya barabara.

Hali ni ngumu zaidi kwa yaya anayefanya kazi Nairobi ilhali alijiandikisha Vihiga. Kwa kuwa mpigakura hana budi kupiga kura pale alipojisajili, yeye anahitaji ruhusa ya siku mbili au tatu, pamoja na nauli.

Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura bila vikwazo visivyofaa. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoweka likizo ya siku 21 kwa mwaka, miezi mitatu ya uzazi na wiki mbili kwa baba wa mtoto, haikutenga likizo ya kura. 

Nchini Kanada, sheria inamtaka mwajiri ahakikishe mpigakura ana saa tatu mfululizo za kupiga kura, bila kukatwa mshahara.

Mnamo 2022, takriban asilimia 65 ya wapigakura milioni 22 waliosajiliwa ndio waliojitokeza. Bila shaka si wote waliosalia waliozuiwa na kazi. Wengine walichoshwa na siasa. Lakini anayetaka kupiga kura hafai kuchagua baina ya kura na kibarua chake.

Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu wa 2027 unaangukia Jumanne, Agosti 10. Bunge liirekebishe Sheria ya Ajira, nayo vyama vya wafanyakazi vidai saa hizo katika mikataba na waajiri. Wafanyakazi nao wahamishie usajili wao karibu na wanakofanya kazi kabla ya muda kuyoyoma.