Tuwahoji Wangali Hai

Wako walimu wenzetu wanaopanga podikasti ya mahojiano na wasanii, nao wameazimia kuanza na wenye majina makubwa, eti ndio wavutao wasikilizaji. Hoja hiyo naipinga. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi kijana Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa aliyeimba kwa Kiswahili, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Sifa zilimfuata baada ya kurekodiwa, hazikumtangulia. Je, ni wangapi wa rika lake waliozikwa bila kuulizwa neno? Mgeni yule alisafiri na mitambo. Sisi tuna simu mfukoni na lugha kinywani. Ndugu walimu, mashuhuri hakosi wa kumhoji. Tuanze na mzee wa mtaani kwetu, kabla hatujachelewa.