Hesabu si Shubiri ya Kufichwa Asalini

Miongoni mwa watungaji wa hadithi fupi za kufundishia hesabu limeenea wazo kwamba hesabu ni chungu kama shubiri, na hadithi ni asali ya kulidanganya koo la mtoto. Wazo hili lina makosa mawili: huitukana hesabu na huidhalilisha hadithi.

Lewis Carroll, mwalimu wa hesabu wa Oxford, alitoa kitabu chake A Tangled Tale mwaka 1885. Kina sehemu 10, na kila moja aliiita fundo. Katika dibaji alifananisha maswali yaliyomo na dawa iliyotiwa ndani ya jamu ya watoto, akakiri kuwa dawa ile haikufichika vema. Wengi waliokuja baadaye wameishika jamu na kulisahau ungamo.

Ndiyo maana Juma hupelekwa sokoni, akasifu rangi ya maembe, akamwamkia shangazi yake, kisha akaulizwa bei ya maembe 6 ikiwa moja ni shilingi 200. Swali likiondolewa, hadithi hubaki nzima. Hadithi ikiondolewa, swali hubaki zima. Vitu hivyo ni majirani tu, havina udugu.

Msuko wa hadithi una mwanzo, kizuizi, kilele na ufumbuzi. Hoja ya hesabu nayo ina kilichotolewa, kinachotafutwa, kinachozuia na hatua ifunguayo njia. Basi fundo la hadithi na fundo la hesabu sharti liwe fundo moja.

Mfano mwema ni kisa kikongwe cha mtu mwenye chui, mbuzi na majani, ambacho Ulaya ya zama za kati ilikisimulia kwa mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Mtumbwi humchukua yeye na kimoja tu. Chui akiachwa na mbuzi humla, na mbuzi akiachwa na majani huyala. Safari ni 7. Katika safari ya 4, iliyo katikati kabisa, mtu humrudisha mbuzi alikotoka. Moyo wa msomaji hukataa: mwenye kutaka kufika arudi nyuma kwa nini? Lakini bila kurudi huko hakuna kufika. Kilele cha kisa ndicho kilele cha hoja, wala hapana awezaye kuvitenga.

Mfano wa kuonya ni ule wa ngamia 17. Baba ameusia wanawe watatu nusu, theluthi na sehemu moja ya tisa. Mzee mwenye hekima huongeza ngamia wake, wakawa 18. Wana hupata 9, 6 na 2, naye huondoka na ngamia wake. Wasimulizi wengi huishia hapo kwa makofi. Lakini mafungu yale yakijumlishwa ni 17/18 tu. Baba hakugawa mali yote, na kila mwana amepata zaidi ya aliyousiwa. Kilele halisi kingekuwa mwana mmoja kuuliza: hesabu ilikuwaje ikatimia? Kwa kukikata, mtungaji ameifanya hesabu kiinimacho.

Wapo wasemao kuwa mazoezi mengi yatosha, na hadithi hupoteza saa za darasa. Mazoezi huuzoeza mkono njia iliyokwisha chaguliwa. Kuchagua njia hujifunzwa pale penye kitu cha kupotea, kama mbuzi ukingoni mwa mto, na pale ndipo msuko humpeleka msomaji.

Jambo hili si la darasani peke yake. Mwanafunzi aliyezoezwa kupokea jawabu kinywani mwa mzee wa hadithi, pasipo kuuliza limetoka wapi, kesho atapokea hivyo hivyo hesabu ya mfanyabiashara, ya mkopeshaji na ya mtawala. Atapiga makofi, na ngamia wataondoka.