Kizazi Moto Kisichosema Kiswahili

Debe tupu haliachi kuvuma. Wahenga hawakuwahi kuona filamu ya katuni, lakini tabia ya kitu kinachopigiwa tarumbeta miaka miwili kabla ya kuzaliwa waliijua. Mwaka 2021 kampuni ya Disney ilitangaza kuwa inaandaa mkusanyo wa filamu fupi za katuni kutoka Afrika, zenye kuitazama kesho ya bara hili kwa jicho la Mwafrika mwenyewe. Mkusanyo huo ungeitwa Kizazi Moto. Sisi wa Handeni na Korogwe, kama Waswahili wengine kuanzia Lamu hadi Kalemie, tulisikia jina tukajiona tumeitwa. Nani aitwaye kwa jina lake asigeuke?

Ilipowadia tarehe 5 Julai 2023, filamu kumi zilitoka. Zimetoka Afrika Kusini, Zimbabwe, Kenya, Nigeria, Uganda na Misri. Tanzania haimo, na hilo peke yake si kosa, kwani haki ya kualikwa kila karamu haipo. Kosa liko kwingine. Ukizisikiliza, lugha inayotawala ni Kiingereza. Ukitaka kuzitazama kwa njia ya halali, mlango ni mmoja tu, huduma ya Disney+, na mlango huo ulikuwa haujafunguliwa Tanzania wala Kenya. Yaani mtoto wa Chanika au wa Manundu, ambaye jina la mkusanyo ule analielewa bila kamusi, ndiye hasa aliyewekwa nje. Na siku mbili tu baadaye, tarehe 7 Julai, dunia ikaadhimisha Siku ya Kiswahili.

Nataka nieleweke. Sina ugomvi na wasanii waliochora. Ng'endo Mukii wa Kenya aliyetengeneza Enkai, na Raymond Malinga wa Uganda aliyetengeneza Herderboy, ni mafundi wa kuheshimiwa, na picha zao zinashuhudia. Usione vyaelea, vimeundwa. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kukitumia Kiswahili kama kanga ya kutupia begani siku ya picha, kisha kuivua chakula kikishaandaliwa.

Tuanze na jina lenyewe, maana hapa ni barazani pa watu wa lugha. Wenye mkusanyo walieleza kuwa limetokana na kauli "kizazi cha moto". Basi "cha" imekwenda wapi? Mshairi naye hukata, lakini hukata kwa deni la mizani, na msomaji hulijua deni hilo. Tena ukikata unabadili maana: sikio la Mswahili lizoealo "maji moto" litasikia kizazi kilichochemka, si kizazi kilicho mwali. Nakiri kuwa lugha inaruhusu jina likae hivyo, na huenda hata lipendeze. Ninachouliza ni kama kulikuwa na malenga mmoja mezani aliyeulizwa. Hata moja ya filamu zile kumi, kazi ya Waafrika Kusini, imepewa jina la Hatima. Neno zito hilo, lenye Mungu na majaaliwa ndani yake. Wamelichukua kwa kuwa linalia vizuri.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1994 kampuni hiyo hiyo ilitoa The Lion King, ikajaza majina yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. "Hakuna matata", kauli ambayo watu walikuwa wakiambiana kabla ya filamu hiyo kufikiriwa, ikapelekwa kusajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya fulana. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini kupinga, kisha kelele zikatulia. Sisi wenyewe tuliona fahari kusikia "simba" kinywani mwa mgeni, tukasahau kuuliza simba huyo anazungumza lugha gani.

Kuna wanaojibu kuwa soko la dunia halina masikio ya Kiswahili. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama vijana wetu wasingekuwa wanatazama anime. Nenda kwenye vibanda vya video vya Mkata au Mombo, au chungulia simu za wanafunzi: Naruto yumo. Naruto anasema Kijapani. Wajapani hawakungoja dunia ijifunze lugha yao ndipo wachore. Walichora, wakasema kwa lugha yao, na dunia ikasoma tafsiri chini ya picha. Leo kijana wa Segera ambaye hajawahi kuiona bahari anajua maana ya "sensei". Soko halikuwauliza Wajapani swali hili tunaloulizwa sisi.

Wengine watasema kuwa kutia sauti za Kiswahili ni gharama. Hapo ndipo ninapocheka. Kwa miaka mingi, Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliketi na kipaza sauti kimoja akazitafsiri filamu za Marekani, India na China kwa ajili ya watu wa vibandani, akiwapa wahusika wote sauti yake, na methali za kwetu juu yake. Na Ubongo Kids, katuni iliyoanza kurushwa kupitia TBC mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, iliwafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili. Lililowezwa na mtu mmoja na kipaza sauti chake halitaishinda kampuni yenye majumba ya filamu.

Kinachoniuma zaidi ni somo analopewa mtoto. Anaambiwa, bila mtu kufungua kinywa, kuwa Kiswahili ni lugha ya kibao cha mlangoni, na kwamba kesho, yenye vyombo vya angani na miji ya chini ya bahari, itaongea Kiingereza. Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Lugha inayofaa kwa mikutano ya marais imeshindwaje kufaa kwa ndoto za watoto?

Lawama hii haiwezi kuishia ng'ambo, malenga wenzangu. Mkoa huu wa Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Ni hapa pia ambapo Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi, na kitabu hicho kikachapwa kwanza na wamisionari wa Magila. Humo mna Mbegha: mtoto kigego wa milima ya Nguu, aliyetakiwa auawe kwa kuwa meno ya juu yalitangulia kuota, akanyimwa urithi, akakimbia na mbwa wake wa kuwindia, akapanda milima ya Usambaa, akawalisha watu nyama, akaua simba, akatawazwa Vugha. Nguu ilikuwa sehemu ya Handeni hadi Kilindi ilipojitenga mwaka 2002, na ukisimama Korogwe unaiona milima aliyoipanda. Hadithi ya simba na ufalme iko kwetu, tena kwa Kiswahili kizuri. Ni nani kati yetu ameigeuza kuwa maneno ya kusemwa na wahusika wa katuni? Tunashindana kwa vina juu ya mapenzi na siasa, na wachoraji vijana waliopo wanakosa mwenye kuwaandikia.

Basi madai yangu ni mawili. Atakayetumia jina la Kiswahili, aiweke lugha hiyo ndani ya kazi yake, hata kama ni kwa sauti ya pili. Na sisi tuandike: hadithi fupi ya kusemwa, dakika kumi tu, kisha tumkabidhi mchoraji. Nafunga kwa ubeti, na atakayenipinga anijibu kwa vina hivi hivi:

Jina letu tumeona, limepambwa mlangoni,
Tukaingia kwa jina, lugha haimo chumbani,
Sasa tunaulizana, tu wageni nyumba gani?
Jina bila ya maana, ni debe tupu njiani.